Mtani Aliyezima Mashine

Hapa kwetu Lizaboni, ukitaka kusaga mahindi unakwenda kwa Hironimus Komba, na ukiwa na haraka usiende. Mimi ni jirani yake wa miaka mingi, uzio wa michongoma ndio unaotutenganisha, na nasema haya kwa kuwa nimesimama kwenye foleni yake hadi miguu ikawaka moto. Ukimsalimia, anazima mashine. Ukimwambia unataka dona, anazima mashine. Ukipiga chafya, nadhani atazima pia. Anasimama hapo, nyusi zimejaa unga, anakutazama mpaka umalize neno lako la mwisho, kisha anasubiri kidogo kuona kama unalo jingine. Ndipo anawasha. Wanaohamia mtaani, hao walimu na maofisa kutoka mikoa mingine, wanadhani mzee ana matatizo ya masikio. Hana. Masikio yake ni mazima kuliko yangu. Kuna jambo lilimpata, na kwa kuwa mwenyewe hasemi, nitalisema mimi.

Hironimus alikuwa mtani. Nikisema mtani sina maana ya mtu wa kuchekesha tu. Sisi Wangoni tuna watani wetu, Wayao, Wabena, Wahehe, watu ambao mababu zetu walipigana nao mpaka wakachoka, wakaona heri watukanane kuliko kuuana. Kazi ya mtani inaonekana msibani. Mtani wako akifiwa unakwenda, unamwigiza marehemu alivyokuwa anatembea, unagombea shuka lake, unaingia kaburini kuwazuia wachimbaji mpaka upewe kuku, na mfiwa haruhusiwi kukasirika. Ndiyo dawa yetu hiyo. Mtu analia huku anacheka, na jioni yake anakula. Utani hauna dini. Mkatoliki atamtania Mwislamu mbele ya maiti, na shehe mwenyewe ataficha mdomo kwa mkono wa kanzu.

Katika kazi hiyo Hironimus hakuwa na mfano. Aliianza baada ya mkewe, Ida, kufariki. Siku ya mazishi ya Ida alikaa kama gogo, hali, hanywi, haitiki salamu, mpaka alipofika Sandali, Myao fundi cherehani wa mtaa wa nyuma. Sandali alijifunga kanga ya marehemu, akaketi mlangoni, akatangaza kwamba yeye ndiye mke mpya na anauliza mbona ugali hauletwi. Hironimus alicheka mpaka akalia, akalia mpaka akala. Tangu siku hiyo wakawa chanda na pete. Sandali akipita mashineni alimwita mateka wake, naye Hironimus alimjibu kwamba babu yake Sandali aliuzwa kwa kipande cha chumvi na chenji ikarudi. Asubuhi isiyo na matusi ya namna hiyo waliihesabu imeharibika.

Watoto wa Hironimus walikuwa wameshakwenda, mmoja Makambako, mmoja Dar es Salaam, wanapiga simu sikukuu. Nyumbani palikuwa na mtu mmoja na masufuria ya watu wanne. Kwa hiyo misiba ya watu ikawa ndiyo familia yake. Nasema bila kumcheka: mzee huyu alikuwa na furaha pale tu mtu alipokufa.

Kasoro yake ilikuwa moja. Hakuwa anasikiliza. Ukikaa na mashine miaka yote hiyo unazoea kupiga kelele na kutosubiri jibu, na yeye tabia ile aliibeba mpaka nyumbani, mpaka kanisani. Ukianza sentensi, yeye anaimaliza. "Nimejua, nimejua," ndilo lilikuwa neno lake. Nilikwenda siku moja kumwambia mbuzi wake yumo kwenye maharage yangu. "Nimejua, Mama Urban, nimejua!" akapaza sauti, kisha akaanza kuwasimulia watu wa foleni jinsi marehemu mume wangu alivyokuwa anakoroma. Watu wakavunjika mbavu. Mbuzi akamaliza maharage. Tulimsamehe kwa sababu alitufurahisha, na pengine hapo na sisi tulikosea.

Sandali alikuwa anaishi na mama yake, Bibi Mwamvua, kikongwe mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi na kikopo cha ugoro kisichotoka mkononi. Hironimus alimwita "mke wangu". Bibi naye alimdai doti ya kanga kila sikukuu na kumtangaza mtaani kuwa ni mume bahili. Mwaka ule, mvua zilipokuwa zinakaribia kukatika, Bibi aliugua vibaya. Akapelekwa hospitali, akarudishwa, na mtaa mzima tukawa tunasubiri. Hakuna aliyesema, lakini kila mtu alikuwa ameshaandaa kanga yake ya msiba. Katika nyumba hiyohiyo alikuwepo Somoe, binti wa Sandali, aliyerudi kwa wazazi wake kujifungua mtoto wa kwanza, kama ilivyo desturi.

Asubuhi moja, mashine inanguruma, foleni imefika barabarani, akaja Recho, mwalimu wa shule ya msingi aliyepanga kwangu. Recho ni mtu wa Mbeya, alikuwa bado mgeni. Mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alisogea karibu na Hironimus akasema kwa sauti kubwa, "Mzee Komba, kuna msiba kwa mzee Sandali. Amefariki..."

Hironimus akainua kiganja. "Nimejua, mwalimu! Nimejua! Mke wangu ameniacha!"

Hakuzima mashine. Recho alimwona amegeuka kumwaga debe jingine la mahindi, akadhani kweli mzee anajua, akaondoka zake.

Mimi nilikuwa nimeshafika msibani, nimekaa na akina mama uani. Tukasikia kilio kutoka barabarani, kile kilio cha kuvuta ambacho kila mtu wa Lizaboni alikijua ni cha nani. Hironimus alikuwa amejitanda kanga mbili, ana fimbo, ana miwani ya waya aliyoifunga kwa uzi mweupe, mgongo ameupinda. "Jamani, mume wangu Komba yuko wapi? Nimekufa sijaonja kuku wake!" Akaingia uani. Akajikwaa makusudi, akanusa ugoro usiokuwepo, akapiga chafya ya Bibi Mwamvua ile yenyewe.

"Acha, Komba!" watu wakasema. "Komba, acha!"

Lakini kwenye utani kila mtu husema acha. Ni kama ngoma, mtani anachezea hapo hapo. Kadiri walivyomkataza ndivyo alivyozidi. Akajitupa kwenye jamvi la wanaume, akanyoosha miguu, akaomba asizikwe mpaka alipwe doti zake. Sandali akatokea mlangoni. Macho mekundu, vifungo vya shati amevifunga vibaya. Hironimus akamrukia, akamkumbatia kwa mikono ya kutetemeka. "Mwanangu Sandali, usilie, baba! Mimi nilikuwa nakumalizia sukari tu!"

Ndipo sauti nyembamba ikatoka kwetu, upande wa akina mama.

"Komba. Mimi niko hapa."

Bibi Mwamvua alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anamtazama kupitia miwani yake.

Aliyekufa alikuwa Somoe. Uzazi ulimshinda alfajiri ile, akaondoka na mtoto wake. Na utani, kama hujui, hauna nafasi kwenye kifo cha namna hiyo. Mtani mwenyewe siku hiyo huvua kofia na kukaa chini kama watu wengine.

Hironimus alisimama pale katikati ya uwanja, kanga moja imemwanguka miguuni. Tukamsikia kuku akiparua nyuma ya jiko. Sandali alijitoa taratibu kwenye mikono ile, akarudi ndani. Nimeshaona watu wakipigwa hadharani, nimeona wakitukanwa. Sijawahi kuona mtu akiachwa vile.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Baada ya matanga, Hironimus alimchukua Mathias, seremala Mbena, mtani wetu sote, akaenda na jogoo kuomba radhi. Sandali aliwapokea vizuri, jogoo akampokea, akawakaribisha chai. "Yamekwisha, mzee Komba," akasema.

Mzee Komba! Hapo ndipo adhabu ilipoanza. Tangu siku hiyo Sandali akawa anapita mashineni kila asubuhi akienda kwenye cherehani yake, na kila asubuhi anamsalimia. "Habari za asubuhi, mzee Komba." "Nzuri," anajibu Hironimus. "Haya, kazi njema." Hakuna mateka, hakuna mtumwa, hakuna babu aliyeuzwa kwa chumvi. Kama wewe si mtu wa huku unaweza kudhani ni heshima. Kati ya watani, heshima ni mlango uliofungwa kwa komeo. Hironimus aliniambia siku moja kupitia kwenye michongoma, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maji, "Mama Urban, angenitukana hata kidogo."

Alikwenda Peramiho kuungama. Alirudi na basi la jioni, nikamwona anafungua mlango wake, akakaa kizingitini bila kuvua viatu. Mungu bila shaka alimsamehe siku hiyohiyo, lakini Mungu hakai mtaa wa nyuma.

Watu wakaacha kumwita. Msiba ukitokea, waliopita mbele ya mashine yake walishusha sauti. Baadhi ya akina mama wakaanza kubeba madebe yao mpaka mashine ya mbali huko stendi. Jioni nilikuwa natazama upande wake, sioni moshi. Namwita, "Karibu ugali, jirani!" Ananijibu, "Nimeshakula, ahsante," na mimi najua jiko halijawashwa. Nilimhurumia sana. Na nilimkasirikia pia, kwa sababu mtu aliyetuliwaza wote alikuwa hana wa kumliwaza, na mimi sikujua pa kuanzia.

Aliyeanza ni Bibi Mwamvua. Yule aliyekuwa anasubiriwa kuzikwa alipona, akawa anatembea. Nilimkuta njiani na beseni la mahindi, nikambebea, nikidhani anakwenda stendi. Akanielekeza kwa fimbo kwenye mashine ya Hironimus. "Wale wa stendi unga wao una mchanga," akasema, "na mimi meno yangu yaliyobaki nayataka."

Hironimus alipomwona alizima mashine. Nadhani ndiyo ilikuwa mara ya kwanza. Akasimama kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Hunisagii?"

"Nakusagia. Bibi, nisamehe."

"Kwa lipi? Kwa kuniigiza? Uliniigiza vibaya. Mimi nimepindia kushoto, wewe ulipindia kulia." Nilibana midomo nisicheke. Hironimus hakucheka. Bibi akatafuta gunia, akakaa, akafungua kikopo chake. "Wala si hilo lililomkaa mwanangu rohoni. Ulikuja kwenye msiba wetu hukuuliza aliyekufa ni nani. Hata mbwa akifa kwa jirani, watu huuliza ni yupi."

"Nilidhani..."

"Ulidhani ni mimi. Haya. Somoe umemsagia tangu hajui kujifunga kanga. Alikuwa mtu wa namna gani?"

Hironimus alifungua mdomo. Nilimwona anatafuta. Alikuwa nazo dhihaka zote alizowahi kumtupia binti yule, kwamba ni mke wake mdogo, kwamba anatembea kama bata, lakini zaidi ya hizo hakuwa na kitu.

"Simjui, bibi," akasema.

"Basi nyamaza nikuambie."

Akamwambia. Kwamba Somoe aliogopa radi mpaka ukubwani. Kwamba alikuwa anapiga mluzi akifua, na mama yake anamgombeza. Kwamba macho ya Sandali yalishaanza kufifia na ni Somoe aliyekuwa anamtobolea matundu ya vifungo kwa siri, wateja wasijue. Kwamba alimfichia bibi yake sukari ambayo daktari aliikataza, chini ya mto, kijiko kimoja kimoja kwenye karatasi. Foleni ilisubiri. Mama mmoja akaguna, akasema jamani sisi tuna watoto nyumbani. Hironimus hakugeuka. Unga uliokuwa mashavuni mwake ukaanza kuchorwa mistari na machozi, naye hakujifuta.

"Nimemaliza," Bibi akasema. "Saga."

Basi, tangu hapo ndivyo alivyo. Mwanzoni tulimchukia kwa foleni zile. Baadaye tukazoea, na wale wa stendi wakarudi mmoja mmoja, wengine nadhani walirudi ili tu wapate mtu wa kuwasikiliza. Alikuja kujua kwamba mama yake Recho ni mgonjwa huko Mbeya na mwalimu hulia akimaliza kusahihisha madaftari. Mimi Recho amekaa kwangu mwaka mzima sikujua. Na siku moja, nimeshamaliza kusema nataka dona, akanisubiri kama kawaida yake, kisha akaniuliza jina langu. Miaka yote hiyo! "Oliva," nikamwambia, na sikumbuki ni lini mtu alinitaja hivyo mara ya mwisho.

Lakini utani aliuacha kabisa. Aliogopa. Alihudhuria misiba, akauliza kwa sauti ya chini ni nani, aliugua nini, nani kabaki na watoto, akachota maji, akakaa mwisho wa jamvi, akaondoka. Sandali aliendelea kumwita mzee Komba. Hironimus alikuwa amejifunza kuwaona watu, na watu aliowaona hakuna aliyekwenda kwake jioni. Kusikiliza, nimegundua, si lazima kukuletee mwenza.

Bibi Mwamvua alikufa kweli wakati wa baridi, mwezi wa sita wa mwaka uliofuata, usingizini, uzee umemtosha. Mimi ndiye niliyepeleka habari mashineni. Akazima. Nikasema ni Bibi Mwamvua, nikasema Sandali ndiye aliyemkuta asubuhi. Akasubiri. Halafu akauliza, "Sandali ana nani sasa hivi?" Nikamwambia ana mkewe na majirani. Akaniuliza kama amekunywa hata uji. Nikasema sijui. Akafunga mashine, akanawa, akavaa koti lake la kanisani, akaenda na chupa ya uji mkononi.

Uani palijaa. Kikongwe wa umri ule, mzaa wajukuu na vitukuu, mazishi yake ni sherehe, na watani walitakiwa waifanye sherehe. Mathias alijaribu. Aligombea kikopo cha ugoro, akasema atakipeleka mahakamani, watu wakacheka kwa adabu. Seremala mzuri, lakini hana kipaji. Macho yetu yote yalikuwa mwisho wa jamvi, kwa Hironimus, ambaye alikuwa ameinamia viganja vyake. Jeneza likatolewa. Shehe akaanza kutazama saa. Tukaona kweli Bibi Mwamvua anaondoka kimya kimya, kama mtu asiye na kwao.

Sandali akatoka kwenye kundi la wafiwa. Akapita katikati ya watu mpaka mwisho wa jamvi, akasimama mbele yake.

"Komba," akasema. Hakusema mzee. "Mama yangu anazikwa kama mtu wa kuja?"

Hironimus akainua uso, akamtazama kwa muda mrefu, vile anavyotutazama sisi mashineni. "Unataka kweli, Sandali?"

"Ninakuomba."

Akasimama. Hakuwa na kanga wala fimbo. Akaweka mkono kiunoni, akapinda mgongo, safari hii kushoto, akapiga hatua za kukokota kuelekea jeneza. Alikuwa Bibi mwenyewe. "Jamani," akaanza kwa sauti ile nyembamba, "mume wangu Komba..." Na sauti ikakatika. Akajaribu tena. Kikatoka kilio.

Watu wakalipuka. "Kaanza! Mngoni kaanza!" Makofi yakapigwa, Mathias akaruka juu kwa furaha, wafiwa wenyewe wakashikana mabega wakicheka mpaka machozi. Hironimus akaanguka magoti kando ya jeneza, analia kwa kifua kizima, analia kama hajawahi kulia tangu azaliwe, na kadiri alivyolia ndivyo walivyomshangilia kwamba mzee hajasahau kazi. Hata mimi nilicheka. Nilicheka sana, mpaka nilipomwona Sandali.

Sandali hakuwa anacheka. Alichuchumaa mbele yake, karibu na nilipokaa, akamshika uso kwa mikono miwili.

"Lia, ndugu yangu," akamwambia. "Waache wacheke. Mimi nimekuona."

Kisha akamwinua kwa mkono, wanaume wakabeba jeneza, na wao wawili wakatoka nyuma yake wakiwa wameshikana, huku uani watu bado wanajifuta machozi ya kicheko na kuulizana ni lini Komba aliwahi kuigiza vizuri namna ile.